Asumani Hakuwamo Katika Orodha

Asubuhi moja nilitoka nyumbani na baiskeli ya marehemu baba yangu, bila mpango wowote. Mama aliniuliza ninaenda wapi, nikamjibu ninaenda kuona barabara inaishia wapi. Hakucheka. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa tano wa primeri, kwa sababu mwalimu alikuwa na majibu ya maswali yake tu, ya kwangu hakuwa nayo. Barabara haikuisha. Nilisukuma mafuta ya mawese mpaka Kalima, chumvi mpaka Pangi, samaki wakavu kutoka Lokandu, na mara moja nilifika Lubutu na mzigo wa sabuni ambayo mvua ilikuwa imekwisha kuoga nusu yake. Kila nilipofika nilikaa mpaka maswali yaniishie, kisha nikaondoka.

Ninawaandikia ninyi mliobaki ofisini. Siku mliponiaga kwa soda na biskuti mliniomba niandike tulivyokuwa tunafanya kazi zamani. Nimekubali. Lakini kuna jambo moja nililolifanya katika mwezi wangu wa mwisho ambalo hamlijui, na sitaki mlisikie kwa mtu mwingine.

Kindu nilifika nikiwa na gurudumu limetoboka, na lilitoboka mbele ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Nilikuwa nimepiga magoti nikibandika kiraka wakati mzee mmoja mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, alipotoka na bahasha. Huyo alikuwa Papa Onezime, karani mkuu.

"Weye kijana, unaenda upande gani?"

"Sijue bado, Papa."

"Njo muzuri," akasema, na njo kwetu ni ndiyo. "Enda Pangi."

Sikuomba malipo. Nilitaka tu kuona karatasi inamfanya mtu nini. Nilivuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli, baiskeli imelala juu ya mihogo ya watu, nikashika njia ya Kalima. Pangi nilimkuta mwenye barua, mtu mkubwa wa mwili ambaye soko zima lilimpisha. Aliisoma, akakaa chini bila kutafuta kiti. Tangu siku ile nikaipenda kazi hii. Niliporudi na jibu, Papa Onezime aliniuliza kama ninajua kuandika. Nikasema ninajua, ila polepole. Akasema hata yeye.

Nikawa plantoni, yaani tarishi, mpeleka barua wa ofisi. Vifaa vyangu vilikuwa vichache: baiskeli; vipande viwili vya triplai, mbao nyembamba, ambavyo kati yake barua haikunjiki; mpira wa ndani wa gurudumu wa kuvifungia; daftari la mapokezi; kidau cha wino kwa wasiojua kutia sahihi; na plastiki moja. Mvua ikinyesha, plastiki ni ya barua. Plantoni atakauka mwenyewe.

Baadaye, kwa kuwa nilifika kusikofikika na gari, Papa Onezime alinifundisha kuchukua maelezo ya mashahidi. Mafundisho yake yalikuwa mafupi. "Andika vile muntu anasema. Usimusaidie. Ukimusaidia, ile iko maneno ya kwako, haiko ya kwake." Ukimaliza, unamsomea yote kwa sauti, unamuuliza, "Njo vile ulisema?" Akikubali, anaweka kidole. Nilifanya hivyo maisha yangu yote, na kwa sababu ya kufanya hivyo vizuri nilimkosea mtu kosa ambalo sitalisahau.

Vita vilipofika, ofisi ilifungwa. Mimi na Papa Onezime tulihamisha majalada kwa siku tatu, tukayapanga juu ya dari ya nyumba yake, chini ya magunia ya mpunga. Wenye bunduki waliingia mara mbili wakachukua mpunga. Majalada hawakuyataka. Papa Onezime alisikitika kidogo kuona kazi ya maisha yake haiibiki.

Miaka ile barabara zote zilikuwa na vizuizi, bariera tunasema sisi. Kimoja kilikuwa kati ya Kalima na Pangi, na mkubwa wake aliitwa Mulonda, mtoto wa hapa hapa Kindu. Wasukuma baiskeli walimjua wote. Alichukua mbuzi, mabati, watu wa kubeba mizigo, na zaidi ya yote baiskeli. Mara mbili nilimpita kwa njia ya msituni, nimebeba baiskeli kichwani. Asumani wa Pangi, msukuma mafuta niliyelala naye njiani mara nyingi, mtu wa kuimba kwenye mlima na kunyamaza kwenye mteremko, yeye alikuwa na mzigo mzito. Hakuweza kupita msituni.

Vita vilipotulia, Mulonda alikuwa ameshavuka mpaka, anaishi katika nchi moja ya mashariki, na watu walisema ana duka. Ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza jambo la mkataba. Nchi yetu na ile nchi zilikuwa zimekubaliana kurudishiana watuhumiwa ili wahukumiwe. Sisi tunaandika ombi, tunaeleza mtu amefanya nini, wapi, kwa nani. Wao wanalipima, wakiridhika wanamkamata na kumtuma. Mwendesha mashtaka wetu wakati ule alikuwa kijana mwerevu kutoka mbali, Kifaransa chake kilikuwa kimepigwa pasi, Kiswahili alikuwa anakiokota. Alituita. Papa Onezime miguu ilikuwa imemvimba, kwa hiyo nilitumwa mimi peke yangu kukusanya maelezo.

Watu walisema mengi, nami niliandika mengi. Mwishoni nilifika kwa Mama Zaina, mke wa Asumani. Alikuwa anatwanga, na hakuacha kutwanga nilipokuwa ninafungua daftari.

"Asumani alishikiwa pa bariera ya Mulonda," alisema. "Walikamata kinga yake na mafuta. Walimupeleka nyuma ya ile nyumba ya majani. Hayarudie."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Nikamuuliza taratibu, "Mama Zaina, niandike amekufa?"

Mchi ulisimama hewani. "Selemani. Matanga yake ulikalia wapi?"

"Sikukalia."

"Nani alikuita? Ulikula wali ya nani?"

Nyuma yake, mlangoni, mama mkwe wake alikuwa amekaa na sahani ya bati mapajani. Kila siku alimwekea mwanawe chakula humo, na jioni akawapa wajukuu. Ninyi mliozaliwa huku mnajua bila kuambiwa: bila mwili, au angalau mahali, hakuna anayekaa matanga, na bila matanga, kumwita mtu marehemu ni kumzika kwa mdomo. Mke hawezi kusema. Mama hawezi kusema. Mgeni akisema, hakaribishwi tena. Mimi nami ni mtu wa huku. Nikaandika vile alivyosema: alizuiliwa kizuizini, baiskeli yake na mafuta yake vilichukuliwa, hajarudi. Nikamsomea. "Njo vile ulisema?" "Njo vile." Akaweka kidole.

Kindu mwendesha mashtaka alisoma maelezo yangu yote akiwa amesimama, kwa sababu ndege iliyokuwa ichukue ombi ilikuwa inaondoka saa sita. Alikuwa anatengeneza orodha ya makosa. Kuzuia watu bila haki, kuwapiga, kuwanyang'anya mali. Alipofika kwa Asumani akaniuliza, "Huyu hajarudi kutoka wapi?"

"Kutoka safari, Bwana."

"Basi yuko safarini."

Nilikuwa na dakika moja. Ningeweza kumwambia: Bwana, kwetu hajarudi ni neno zito, tafadhali liulize mara ya pili. Lakini alikuwa mkubwa, alikuwa na haraka, na kichwani nilimsikia Papa Onezime akisema usimusaidie. Nikanyamaza. Akaandika "wizi wa baiskeli" akageuza ukurasa. Mimi mwenyewe nililifunga ombi lile kati ya triplai zangu, nikalipeleka uwanja wa ndege, nikafika mapema.

Ombi lilichukua miaka. Mara moja lilirudishwa kwa sababu halikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya Mulonda. Dada yake alituambia alizaliwa mwaka wa nzige wengi, lakini hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu. Mara nyingine muhuri ulikuwa hausomeki. Siku hiyo niliwauliza wakubwa wa ofisi maswali mpaka wakanifukuza, kwa sababu nilitaka kujua nani hasa, katika nchi nyingine, anakaa na kuusoma muhuri wa Kindu.

Kisha Mulonda alishuka kwenye ndege, mnene, ameshika mfuko wa plastiki wenye viatu. Nilimpelekea Mama Zaina habari. Alitembea kutoka Pangi hadi mtoni, akavuka, akaketi mbele kabisa ukumbini, mikono juu ya goti.

Orodha ilisomwa. Baiskeli ilitajwa. Mafuta yalitajwa. Hakimu akageuza karatasi, na Mama Zaina akasimama.

"Na Asumani?"

Wakili wa Mulonda naye alisimama, kwa adabu, na mkataba mkononi. Akasoma kifungu kwa Kifaransa. Hakimu akaitikia kwa kichwa, akanitazama mimi, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa pia mkalimani. Nikamweleza Mama Zaina mbele ya watu wote kwamba mtu aliyerudishwa kwa mkataba anahukumiwa kwa yale tu yaliyoandikwa kwenye ombi. Nchi iliyomtoa ilimtoa kwa hayo. Ambalo halikuandikwa, mahakama haiwezi kumuuliza.

"Nani aliandika?"

"Njo mie, mama."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alinionea wapi. Kisha akakaa, akasikiliza mpaka mwisho kesi ya baiskeli ya mume wake.

Jioni ile nilikwenda kwa Papa Onezime, aliyekuwa amekwisha kustaafu na kulala zaidi ya kuamka. Nilimwambia yote, nikamaliza kwa kujitetea: nilifanya ulivyonifundisha.

"Nilikufundisha usimusaidie shahidi kusema," alisema. "Sikukufundisha unyamaze mbele ya mukubwa."

Mwezi uliofuata tulimzika. Nilikaa matanga yake siku zote, na kila waliponiletea wali nilifikiria sahani ya bati ya Pangi.

Mkataba ulikuwa na mlango mmoja. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba ile nchi iruhusu kosa lingine liongezwe. Aliomba. Alikuwa mtu mwema, na tangu siku ya ukumbini Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kuuliza maswali. Nililipeleka ombi hilo la pili mwenyewe, na kila ndege ilipotua niliuliza jibu. Halikuja. Alihamishwa, akaja mwingine, naye huyo akahamishwa. Mulonda alikuwa gerezani, kisha kifungo chake kikakaribia kwisha, na kazi yangu pia.

Sasa nakuja kwenye lile nililowaahidi.

Mnajua tabia yangu ya kusoma kila ninachokibeba. Papa Onezime alinikaripia kwa hilo, kisha akachoka. Mkataba nilikuwa nimeusoma mara nyingi, kidole chini ya kila mstari, na ndani yake nilikuwa nimekuta kifungu kidogo ambacho hakuna aliyekitaja mahakamani. Kilisema mtu akimaliza adhabu yake na kuachiliwa, ana siku thelathini za kuondoka nchini. Akiondoka, ameondoka. Lakini akibaki kwa hiari yake zaidi ya siku hizo, ulinzi wa mkataba unamwacha, na anaweza kushtakiwa kwa lolote.

Mulonda aliachiliwa. Wakili wake alikuwa ameshahamia mji mwingine, na hakuna aliyemwambia Mulonda habari ya siku hizo. Alihamia kwa dada yake, akaanza kuezeka jiko la nyuma. Mtu anayeezeka hana nia ya kuondoka.

Niliomba ruhusa ya siku chache, nikaenda Pangi. Magoti yalilalamika njia nzima. Mama Zaina alikuwa amezeeka. Mama mkwe wake alikuwa hai bado, amelala ndani, mdogo kama nguo iliyokunjwa, na sahani iko kando ya kichwa.

Nilimweleza Mama Zaina kifungu kile. Nikamwambia kuna njia mbili. Tunyamaze, siku ziishe, kisha nimwamshe mwendesha mashtaka mpya na Mulonda akamatwe kwa ajili ya Asumani. Au niende kwake kabla, nimwambie akimbie, ili naye aniambie Asumani yuko wapi.

"Wakimusambisha tena," aliuliza, yaani wakimhukumu mahakamani, "atasema?"

"Anaweza kunyamaza. Sheria inamuruhusu. Na kesi inaweza kukamata miaka."

"Na weye utakuwa bado kazini?"

"Mie namaliza mwezi huu, mama."

Aliangalia mlango wa ndani. "Ule mama anabakisha siku ngapi?"

Nami nikautazama mlango ule.

"Zamani nilitaka asambishwe," alisema. "Nilitaka aitwe jina, asimame, ajibu. Ulipoteza ile, Selemani. Sikutukane, ila njo vile. Sasa mie nataka pahali. Leta pahali."

Siku ya kumi na tisa tangu aachiliwe nilisimamisha baiskeli uani kwa dada yake Mulonda. Mwenyewe alikuwa juu ya paa la jiko, ameshika majani.

"Plantoni!" alicheka. "Umeniletea barua gani tena? Mie nilimaliza barua zote."

"Leo sina barua. Shuka, ndugu."

Alishuka. Nilimsomea kifungu kwa Kifaransa, nikakieleza kwa Kiswahili. Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, na kicheko kikamtoka usoni.

"Unaniambia mie sababu gani? Kazi yako si kunifunga?"

"Mama Zaina anataka pahali ya Asumani."

Alikaa juu ya rundo la majani. Niliogopa ataniuliza Asumani yupi. Hakuuliza.

"Hatukumuua pale," alisema mwishowe. "Watu wanasema nyuma ya nyumba ya majani. Hapana. Alikuwa na nguvu, tukamubebesha. Tulivuka mto tukafuata reli, upande wa Kibombo. Aliharisha njia yote. Siku ya kumi na moja hakusimama tena. Kwa kambi ya watu wa reli, iko nyumba ya matofali yenye baraza ndefu, mwenyewe alikuwa mukarabati wa njia. Tulimuacha pa baraza." Akachomoa jani moja rundoni. "Alikuwa anapumua."

"Na ukaendelea?"

"Tulikuwa na mizigo."

Alilitaja jina la kambi ile mara mbili ili niliandike vizuri. Niliandika vile alivyosema, bila kumsaidia. Kisha kwa mazoea nikamsomea, nikamuuliza, "Njo vile ulisema?" Akasema njo vile. Kidole sikumwomba.

Siku tatu baadaye jiko lilikuwa nusu limeezekwa na yeye hayupo. Mimi ni mtumishi wa ofisi ya mashtaka niliyemwambia mtuhumiwa akimbie. Nililijua nilipokuwa ninalifanya. Mkiona inafaa kulipeleka juu, lipelekeni. Karatasi hii ina jina langu. Naomba tu msinitetee kwamba nilikuwa mzee. Nilikuwa mzima wa akili kuliko siku ile ya ndege ya saa sita.

Wiki baada ya soda na biskuti zenu nilifuata reli, kwa baiskeli palipowezekana na kwa miguu kwingine. Treni mnaijua, ukiingoja unazeekea kituoni. Kambi ile sikuwa nimewahi kuifikia, mimi niliyedhani nimefika kila mahali. Ilikuwa alasiri. Nyumba nyingi zilikuwa zimeanguka, ila ya matofali yenye baraza ndefu ilikuwa imesimama, na mwanamke wa makamo alikuwa anaanika mihogo mbele yake. Alisema anaitwa Mama Feza, na mkarabati wa njia alikuwa baba yake, aliyefariki zamani.

Nilimuuliza juu ya mtu aliyeachwa barazani wakati wa vita. Aliweka ungo chini.

"Weye njo wa kwao?"

"Nimetumwa na wa kwao."

"Mulikawia," alisema. Hakusema kwa hasira. "Alilala siku mbili. Mama yangu alimupa maji ya wali. Alikuwa anauliza kinga yake. Ya tatu, asubuhi, alikwisha."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, ng'ambo ya migomba. Palikuwa na tuta dogo lililozungushiwa mawe ya reli, limefagiliwa. Hapakuwa na jina.

"Baba alimuzika muzuri, na sanda. Lakini matanga hatukukalia," Mama Feza alisema. "Tungeikalia namna gani? Muntu ana wa kwao. Matanga yake njo ya kwao. Baba alisema tufagie tu, watakuja."

Kwa hiyo Pangi walikuwa wanangoja, na huku walikuwa wanangoja, na kati yao nilikuwapo mimi, plantoni, niliyelipwa kupeleka habari kutoka mahali hadi mahali.

Nilikaa kwenye baraza ile, nikatoa daftari, nikaandika barua kwa Mama Zaina. Neno la kwanza lilikuwa lile ambalo sikuliandika siku ile: *Marehemu.* Nikaandika jina lake, kambi, nyumba, tuta, mawe, na kwamba aliuliza baiskeli yake. Nikaandika: njooni mkae matanga, na mama yake Asumani aje hata kwa kubebwa. Kijana mmoja wa mafuta alikuwa anaelekea Kindu. Nilimpa barua kati ya triplai zangu, nikamwonyesha zinavyofungwa, nikampa na plastiki.

Kisha nikamuuliza Mama Feza kama ana mahali pa kumlaza mgeni.

"Chumba kiko," alisema. "Ya siku ngapi?"

Maisha yangu yote nimejibu swali hilo kwa kusema moja, au mbili. Nilifungua baiskeli mzigo, nikaiegemeza ukutani.

"Mpaka wenyewe wafike," nikasema.